Hesabu Ilivyoanzia Mchangani

Mwaka 1973 nilikuwa mwalimu wa darasa la II katika shule moja ya kijijini, mkoani Tanga. Nilikuwa kijana wa miaka ishirini na minne, nimetoka chuoni mwaka mmoja tu uliopita, na suruali yangu ya tetroni bado ina mkunjo. Katika darasa hilo alikuwepo binti mmoja ambaye jina lake sitalitaja, maana yu hai na ana wajukuu. Hesabu zilimshinda. Nikiandika ubaoni 9 – 3, yeye aliandika 12, au 93, au aliacha wazi na kuinamisha kichwa. Nilimrudisha, nikamsimamisha, nikamchapa. Mwisho wa mwaka nikaandika katika taarifa iliyokwenda kwa baba yake maneno sita: Mtoto huyu hana kichwa cha hesabu.

Mchana wa siku hizo hizo, wakati wa mapumziko, binti yule alikuwa bingwa wa mdako chini ya mwembe wa shule. Nilimwona kwa macho yangu na sikuona kitu. Makala hii ni ya mambo niliyokuja kuyajua baadaye kuhusu namna mtoto anavyoipata maana ya namba, na namna binadamu wa nchi mbalimbali walivyoihangaikia kazi hiyo kwa michezo kabla yangu na baada yangu. Naiandika kama historia, lakini msomaji ataona kwamba ni ungamo pia.

Kwa wale waliokulia mjini, hapana budi nieleze mdako ni nini. Watoto huchimba kishimo kidogo mchangani na kutia humo kokoto, tuseme kumi. Mchezaji hurusha jiwe moja juu, na kabla halijaanguka huzikumba kokoto kwa kiganja, huzitoa nje ya kishimo, kisha hulidaka jiwe lake. Halafu hurusha tena, na safari hii huzirudisha kokoto zote shimoni isipokuwa moja, ambayo huibakiza nje kama chumo lake. Akimaliza mzunguko wa moja moja huingia wa mbili mbili, kisha tatu tatu, kisha nne nne. Akibakisha nje pungufu au zaidi ya zile zinazotakiwa, ametoka, na zamu ni ya mwenzake.

Sasa tazama kinachofanyika. Binti amekumba kokoto tisa. Yumo katika mzunguko wa tatu tatu. Jiwe liko hewani. Ana muda usiotosha kusema moja, mbili, tatu. Lazima jicho lake liigawe ile tisa mara moja kuwa tatu za kubaki na sita za kurudi, na mkono ufuate. Hiyo ndiyo 9 – 3. Na akianza mzunguko huo na kokoto kumi, baada ya kuchuma mara tatu hubakiwa na kokoto moja isiyotosha, wakaanza kubishana ihesabiwe ya nani. Hiyo ndiyo kumi kugawa kwa tatu, baki moja, somo ambalo mtaala wangu ulinitaka nilifundishe miaka miwili baadaye. Mtoto aliyekuwa akilifanya jambo hilo jiwe likiwa hewani alikuwa akichapwa kwa kushindwa kulifanya akiwa ameketi.

Uwezo huu wa jicho kuujua wingi bila kuhesabu ulichunguzwa zamani. Mwaka 1871 Mwingereza W. Stanley Jevons, mtaalamu wa uchumi na mantiki, alichukua maharagwe, akawa anayatupa bila mpango kwenye kisanduku kidogo na kukisia papo hapo yameingia mangapi. Alirudia zaidi ya mara elfu moja. Yalipokuwa matatu au manne hakukosea hata mara moja. Yalipofika matano alianza kukosea, na kadiri yalivyozidi ndivyo makosa yalivyozidi. Wengi waliomfuata wamekuta mambo karibu na hayo: macho ya binadamu huuona wingi wa vitu vitatu au vinne kwa mara moja, na zaidi ya hapo hutafuta msaada, ama wa kuhesabu, ama wa kupanga vitu katika mafungu ambayo jicho linayaweza. Mchezaji wa mdako hufanya hilo la pili. Tisa kwake ni mafungu matatu ya tatu. Hakufundishwa na mtu, kokoto zimemfundisha.

Jambo la kwanza ambalo historia inatufunza, basi, ni kwamba vitu vilitangulia na maandishi yakafuata. Warumi wa kale walifanya hesabu zao kwa vijiwe walivyoviita calculi, na kutokana na neno hilo mataifa ya Ulaya yamepata maneno yao ya kukokotoa. Sisi wa pwani tunayo bao. Bao letu la Kiswahili lina mashimo 32, safu nne za mashimo manane, na kete 64 ambazo aghalabu ni komwe. Kila mchezaji huanza akiwa na kete kumi tu ubaoni, sita katika nyumba na mbili mbili katika mashimo mawili, na 22 zilizobaki huziingiza moja moja wakati wa kunamua. Mzee aliyebobea huiangalia nyumba yenye kete kumi na moja na kujua itaishia shimo gani kabla hajaigusa. Muulize amehesabuje, atakucheka. Mwalimu Nyerere mwenyewe alikuwa mpenzi wa bao. Lakini katika miaka yote niliyokuwa mwanafunzi sikumsikia mwalimu hata mmoja akilitaja bao katika kipindi cha hesabu, isipokuwa kutukataza kulicheza.

Kule Ulaya, mtu aliyeleta mchezo darasani kwa mpango alikuwa Mjerumani Friedrich Froebel. Mwaka 1837 alianzisha mjini Blankenburg kazi ya kuwafundisha watoto wadogo, na mwaka 1840 akaipa jina la bustani ya watoto. Aliwatengenezea watoto vitu alivyoviita zawadi. Ya tatu kati ya hizo ilikuwa mchemraba wa mbao uliokatwa kuwa michemraba midogo minane. Mtoto aliuvunja na kuujenga tena, akaona kwa mikono yake kwamba nane ni nne na nne, ni mbili mara nne, na kwamba ukivirudisha vyote kitu kizima hakikupungua. Mwaka 1907 daktari wa Kiitalia, Maria Montessori, alifungua nyumba ya watoto katika mtaa wa maskini wa San Lorenzo, Roma. Yeye alitumia fimbo kumi za mbao, ya kwanza ya sentimita kumi na ya mwisho ya mita moja, zilizopakwa nyekundu na buluu kwa kupokezana. Alikuwa pia na kasha la vijumba vya kutia vijiti, na kijumba cha sifuri kiliachwa kitupu. Nimefundisha sifuri kwa miaka mingi kwa maneno mengi, na sijapata somo linalokizidi kijumba kile kitupu.

Mwaka 1952 mwalimu mmoja wa Ubelgiji, Georges Cuisenaire wa mji wa Thuin, alitoa kitabu juu ya vijiti vyake vya rangi, kila urefu na rangi yake, kuanzia sentimita moja hadi kumi. Vijiti hivyo vilienea duniani. Nami niliviona mara ya kwanza chuoni mwaka 1971, pale mkufunzi wetu alipotuonyesha kasha moja, kisha akalifunga na kulirudisha kabatini kwa sababu lilikuwa la pekee. Tulinakili majina ya rangi kwenye madaftari yetu. Kwenye mtihani tuliulizwa rangi ya kijiti cha tano. Nilipata alama zote.

Hapo ndipo nilipo na jambo la kuwaambia walimu vijana. Hakuna zana wala mchezo ambao shule haiwezi kuugeuza kuwa kitu cha kukariri. Katika miaka ya 60 ilikuja Hisabati Mpya. Kuanzia mwaka 1962 wataalamu wa Afrika, Marekani na Uingereza walikutana Entebbe, Uganda, wakaandaa vitabu vya mafunzo mapya kwa shule za Afrika. Wazo lao kwa watoto wadogo lilikuwa zuri: kabla ya kumwonyesha mtoto tarakimu, mwache alinganishe vitu na vitu, vikombe na visahani, aone wapi vimezidi na wapi vimepungua. Lakini wazo lilipotufikia sisi wa vijijini lilikuwa limekauka. Tuliwaimbisha watoto kwamba seti ni mkusanyiko wa vitu, nao wakaimba vizuri sana. Vikombe na visahani havikuwepo, na kokoto zilizojaa uwanjani hatukuziona kuwa zana.

Kinyume chake, wako walioutazama ujuzi wa wenyeji kwanza. Mwaka 1967, mwaka ule ule wa Azimio la Arusha na Elimu ya Kujitegemea, Wamarekani John Gay na Michael Cole walitoa kitabu juu ya hesabu za Wakpelle wa Liberia. Watoto wa Kikpelle walikuwa wakihangaika na hesabu za shuleni, na ilikuwa rahisi kusema hawana kichwa. Ndipo wachunguzi hao wakawawekea watu wazima wa Kikpelle chombo cha mchele na kuwauliza una vikombe vingapi. Wakulima hao, ambao maisha yao ni mpunga, walikisia kwa usahihi mkubwa kuliko Wamarekani waliokwenda shule. Sisi tunaosema haba na haba hujaza kibaba tusingeshangaa. Bibi zetu walikuwa wakipima pishi kwa vibaba vinne, na wafanyabiashara wakihesabu nguo kwa korija ya ishirini ishirini, bila kushika kalamu.

Mwezi Novemba 1974, kule Musoma, iliamuliwa kwamba kila mtoto aingie shule ifikapo mwaka 1977. Mpaka hapo sheria haikuwa imemlazimisha mzazi. Hiyo ilikuja mwaka 1978. Ulikuwa uamuzi wa heshima kubwa, na katika miaka michache idadi ya wanafunzi wa shule za msingi ilipita milioni tatu. Darasa langu la arobaini likawa la tisini. Vitabu vikawa kimoja kwa watoto saba au wanane. Ni uhaba huo ulionisukuma kwenye michezo, wala si busara yangu. Sikuwa na chaki ya kutosha, ikabidi nitoke nje.

Nitaeleza mitatu tu kati ya michezo tuliyoitumia, kwa kuwa mwalimu asiye na kitu anaweza kuianza kesho.

Wa kwanza ni wa kifuu. Watoto wawili wana vizibo kumi vya soda na kifuu kimoja cha nazi. Mmoja anafumba macho, mwenzake anafunika baadhi ya vizibo kwa kifuu na kuacha vingine wazi. Aliyefumba anafumbua, anaona sita, anataja vilivyofichwa. Kifuu kinafunuliwa, na jibu liko pale. Haliulizwi kwa mwalimu. Baada ya wiki tatu mtoto anaijua kumi nje na ndani, kwamba sita inaitafuta nne na saba inaitafuta tatu. Mtoto mwenye ujuzi huo ukimpa nane na tano hahesabu vidole. Anaiazima nane mbili, inakuwa kumi, na tatu zilizobaki zinampa kumi na tatu.

Wa pili ni wa vijiti na mafungu, nao unahusu lugha yetu. Kiswahili ni chepesi sana kwa mtoto kuanzia kumi na moja hadi kumi na tisa, kwa sababu jina lenyewe linamwambia kilichomo: kumi, na nyongeza yake. Lakini akifika mbele kidogo anakutana na ishirini, thelathini, arobaini, hamsini, maneno tuliyoyapokea kutoka Kiarabu, na ndani yake haoni kumi wala mbili. Jirani zetu wa Rwanda husema makumyabiri, yaani makumi mawili, na jambo limekwisha. Mtoto wetu anasikia ishirini na tano, anaandika 205, naye ameandika alichosikia. Dawa ni kucheza dukani. Vijiti kumi vikifika hufungwa kwa ukili, na fungu hubadilishwa jina. Muuzaji husema kwa sauti, makumi mawili na tano, ishirini na tano, kisha huandika. Kwa mwezi mmoja yasemwe majina yote mawili. Kosa la 205 hupungua lenyewe.

Wa tatu ni wa njia. Tunachora mchangani vyumba kumi kwa mstari, tunaviandika 1 hadi 10. Mtoto hurusha ganda au kizibo. Kikilala chali anakwenda hatua mbili, kikilala kifudifudi hatua moja. Siri yake iko mdomoni. Aliye katika chumba cha 3 akipata mbili asiseme moja, mbili, bali aseme nne, tano, akitaja vyumba anavyovikanyaga. Sisi tulilifikia hilo kwa kubahatisha. Lakini mwaka 2008 watafiti wa Marekani, Geetha Ramani na Robert Siegler, walichapisha matokeo ya mchezo kama huo kwa watoto wa familia maskini wasioanza shule. Walicheza kwenye ubao wa 1 hadi 10 vipindi vinne vya takriban robo saa, katika wiki mbili, na ujuzi wao wa namba ukapanda, tena ukadumu walipopimwa wiki tisa baadaye. Wenzao waliocheza ubao kama huo wenye rangi bila namba hawakupata faida hiyo. Na mwaka 2014 Siegler na Elida Laski walionyesha kuwa faida hutoka hasa kwa mtoto anayetaja namba ya chumba alipo, si kwa anayeanza moja kila mara. Niliposoma hayo, nikiwa nimekwisha staafu, nilicheka peke yangu kibarazani mpaka mke wangu akaja kuuliza kuna nini.

Nisije nikaeleweka vibaya. Sisemi kwamba mchezo wenyewe unatosha. Watoto wamecheza mdako karne nyingi na si wote waliojua kuandika 9 – 3. Kazi ya mwalimu ni daraja: baada ya kucheza aulize, ulikumba ngapi, umerudisha ngapi, umejuaje, kisha achukue chaki na kusema, hilo ulilofanya huandikwa hivi. Dakika kumi za mchezo bila swali ni mapumziko, na swali bila mchezo ni kuwatisha. Wala siwadharau wazee wetu waliotuimbisha moja hadi mia. Mpangilio wa majina lazima ukae kichwani, na wimbo huuweka. Kosa letu lilikuwa kudhani anayejua wimbo anajua wingi.

Upinzani haukukosekana. Mkaguzi mmoja alikuta watoto wangu tisini wako chini ya mwembe, makundi kumi na tano, kila kundi na kokoto zake, kelele juu. Aliandika katika kitabu cha shule kwamba mwalimu hana udhibiti wa darasa. Wazazi nao waliuliza kama watoto wao wanakwenda shule kuchezea mchanga. Niliwaalika wazazi wakae na watoto na kucheza mchezo wa kifuu. Mvuvi mmoja alishindwa mara tatu na mwanawe wa miaka minane, na tangu siku hiyo maneno yalipungua. Baadaye, nilipohamia chuo cha ualimu, nilikifanya kifuu kile kuwa mtihani wangu wa kwanza kwa kila mwanachuo: keti chini, cheza na mtoto, kisha uniambie mtoto anajua nini.

Tangu hapo mengi yamepita. Ada ya shule za msingi iliondolewa mwaka 2001, na elimu bila ada ikapanuliwa mwaka 2016, na kila mara madarasa yakafurika kama yale ya Musoma. Mwaka 2015 ulianza mtaala wa darasa la I na la II uliorudi kwenye mizizi, yaani kusoma, kuandika na kuhesabu, na humo vizibo na vijiti vimepewa nafasi yake. Nafurahi. Ila nikiwatembelea wajukuu wangu nakuta mahali pengine vizibo vimetundikwa ukutani kwa uzi, vizuri, kwa ajili ya wageni.

Namalizia na yule binti. Baba yake alisoma maneno yangu sita, na mwanzoni mwa mwaka 1974 binti hakurudi. Sikumfuata. Mwaka 1993 nilikuwa nanunua nyanya sokoni, katika mji ambao si wa kwetu, nikasikia, "Shikamoo, Mwalimu." Nikaitika. Alikuwa yeye, mwanamke wa makamo, mbele yake turubai limejaa mafungu ya nyanya tano tano. Aliyapanga huku akizungumza nami, mkono ukikumba na kuacha, ukikumba na kuacha, bila kutazama, na kila fungu lilikuwa tano. Aliniuliza hali ya nyumbani. Akaniambia ana mtoto darasa la pili.

"Naambiwa hesabu hazimwingii, Mwalimu," alisema. "Nimewaambia wasimpige. Amerithi kwangu. Mimi nami sikuwa na kichwa cha hesabu."

Aliyasema kwa upole, kama mtu anayetaja kimo chake. Miaka kumi na tisa alikuwa ameyabeba maneno yangu, na sasa alikuwa akiyapokeza. Nilimwambia mtoto hana ubaya, amchimbie kishimo uani acheze naye mdako kila jioni, amwulize zimebaki ngapi. Alicheka, akasema mdako anauweza. Akaniongezea nyanya mbili juu ya fungu, nami nikazipokea.

Nilipaswa kumwambia kwamba nilikosea. Maneno yalikuwa sita tu kuyaandika, na pengine yangekuwa machache zaidi kuyafuta. Nilibeba kikapu changu nikaenda kituo cha basi. Ndiyo maana nimeandika.